Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliyetuahidi Kazi Ujerumani

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima nyingi. Jina lako na la ofisi yako nimeyaweka kando kwa adabu tu. Utajijua mwenyewe, maana ni wewe uliyetuambia kuwa mkataba wa Kenya na Ujerumani, ule uliotiwa saini Berlin Septemba 2024, umetufungulia milango na kwamba vyeti vyetu vitatambuliwa. Tulikupigia makofi, tena ya nguvu.

Wiki iliyopita nimejibiwa na wanaolinganisha vyeti huku Ujerumani. Cheti changu cha ufundi umeme kinalingana na cha kwao kwa sehemu tu. Hawakusema sijui kazi. Wanasema maelezo hayatoshi: saa ngapi za darasani, ngapi za karakana, tulifundishwa mitambo gani. Maelezo hayo mnayo ninyi. Nimeyaomba, mkanijibu kuwa ombi langu linashughulikiwa. Nikaomba tena, bado linashughulikiwa. Poleni na kazi.

Mheshimiwa, hata Wazungu wenyewe walikuwa hawaelewani. Mjerumani hujifunza ufundi zaidi kwa mwajiri, siku chache shuleni; Wafaransa wengi huupata kwenye shule za ufundi. Ndiyo maana mwaka 1975 wakaanzisha Cedefop, kituo cha Ulaya cha mafunzo ya ufundi, ambacho tangu 1995 kiko Thessaloniki, Ugiriki. Ujerumani ina taasisi yake ya mafunzo ya ufundi, BIBB, Ufaransa ina kituo chake cha utafiti, Céreq, na tangu 2002 mtandao wa ReferNet unakusanya taarifa za kila nchi kwa mpangilio mmoja, anayesoma habari za Finland aweze kuzilinganisha na za Ureno bila kubahatisha. Mwaka 2008 wakakubaliana ngazi 8 za kupimia vyeti. Ni kazi ya majedwali, inachosha, na hakuna anayeikatia utepe. Lakini bila hiyo cheti cha nchi moja kingekuwa karatasi tu nchi ya pili.

Sisi tulienda na nini? Nahisi tulienda na hotuba na idadi ya vijana wasio na ajira. Kama kulikuwa na jedwali la masomo ya fundi umeme, basi halikufika kwenye meza ya yule aliyelisoma faili langu.

Wakati huo mimi ni msaidizi. Nabeba nyaya, wengine wanaunga. Juzi kijana mwanafunzi alihangaika asubuhi nzima, kila akiwasha, swichi ya usalama inakata. Nikamwambia afungue soketi ya jikoni. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, ilikuwa imegusana na athi, waya wa ardhini. Akacheka, akashukuru, akaandika kwenye daftari lake la mafunzo. Akimaliza miaka yake mitatu na nusu atakuwa fundi kamili, nami nitakuwa nambebea nyaya. Umeme wenyewe hauna uraia: kwetu volti 240, huku 230, hezi ni 50 kote.

Usiniambie nikaombe kupimwa kwa vitendo. Sheria yao inayo njia hiyo, lakini ni kwa mtu aliyeshindwa kupata makaratasi bila kosa lake. Ya kwangu hayajaungua wala kupotea. Yamo kabatini kwenu, na mimi nieleze vipi hilo kwa Mjerumani?

Siombi nauli, siombi picha na wewe. Naomba mtaala wa kozi yangu, saa zake, na mhuri. Tumeni. Kama hamna muda wa kutuandikia sote, anzeni na huo mmoja. Mtaala, saa, mhuri. Anwani mnayo, imo kwenye kila barua niliyowaandikia.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Fundi umeme kwa cheti cha Kenya, msaidizi kwa barua ya Ujerumani