Sikukufananisha

Mdogo wangu,

Najua unasoma. Yule kijana wa Makorora mnayekaa naye huko ameniambia ulimwomba akutumie upya picha za maziko ya mama, kwa sababu zile za mwanzo hazikufunguka. Basi unajua. Arobaini imepita, khitma tumesoma, watu wa Barabara ya 14 wamekula wamerudi makwao. Mimi ndiye niliyebaki na jambo moja kifuani, na halitoki.

Februari 2024 nilikwenda Dubai kufunga mzigo wa mabaibui, Ramadhani ilikuwa inakaribia. Deira si ugenini kabisa kwa mtu wa Tanga. Pale Naif wauza duka wanakuita kwa Kiswahili, na kwenye lifti ya hoteli nilikutana na mwanamke wa Chumbageni tukakumbatiana kama ndugu, ilhali nyumbani hatuvuki salamu ya njiani. Nchi ya watu ndivyo ilivyo, sura ya kwenu ukiiona moyo unaruka. Kwa hiyo nilipokuona kwenye kituo cha abra, zile mashua za kuvusha watu hori, niliacha mifuko yangu chini, na pesa za watu zimo ndani, nikakimbia.

Ulikuwa umevaa fulana ya kazi ya buluu, umeegemea nguzo, mguu mmoja umeukunja, vile vile ulivyokuwa ukisimama mlangoni kungoja mbaazi za mama ziive. Nikakuita kwa jina la nyumbani, lile ambalo hata walimu wako hawakulijua. Ukageuka. Mtu mwingine asingegeuka. Kovu la juu ya nyusi nikaliona, lile la Raskazone, nililoliosha mimi kwa maji ya bahari huku unalia. Ukanitazama usoni, ukaniambia kwa Kiingereza kwamba nimekufananisha.

Kiingereza, mdogo wangu. Mimi na wewe!

Ukaingia kwenye abra na dirhamu yako moja mkononi. Mle abiria hukaa wamepeana migongo, nusu wanatazama huku, nusu kule. Ukachagua upande wa kule. Nilibaki nakitazama kisogo chako mpaka kikachanganyika na visogo vya wengine katikati ya hori.

Niliporudi mama aliniuliza, "Hukumwona?" Kila aliyetoka Dubai alimwuliza hivyo, kama vile Dubai ni Ngamiani. Nikasema nimemwona, mzima, anakusalimia, na amekuletea hizi. Laki mbili, faida ya mabaibui yangu. Akazifunga kwenye pindo la khanga. Mchana ule alipika wali wa nazi na changu, akapeleka sahani mpaka nyumba ya tatu.

Wiki haikuisha ukanipigia. Kumbe namba yangu ulikuwa nayo siku zote. Hata shikamoo hukunipa. Ukaanza kunigombeza, nani alinituma kusema nimekuona. Ulitaka niseme nini? Kwamba mwanao amenikana? Dada zako nao wanasema nilimdanganya mgonjwa. Hawakuwepo kuuona uso wake ulivyofunguka. Ingekuwa leo ningesema maneno yale yale, na pesa ningeongeza.

Viza ilikwisha, nilijua. Hilo si aibu, wapo wengi. Nilikuandikia kwamba serikali ya huko imetoa msamaha kuanzia 1 Septemba 2024, kisha nikakuandikia tena kwamba wameusogeza hadi 31 Desemba: mtu anaondoka bila faini na bila kuzuiwa kurudi. Nauli nikasema ninayo. Ukasoma, ukanyamaza. Mtoto wa jirani yetu alirudi kwa msamaha ule na begi moja la mgongoni, mama yake akampigia vigelegele barabarani. Nani aliuliza kuna nini ndani ya begi?

Bado nakushauri: nenda kwenye ubalozi wetu mdogo hapo hapo Dubai, uulize. Usikae kungoja msamaha mwingine. Mimi yangu nimeyafanya. Nimelala chini ya kitanda chake hospitalini usiku tisa, nimemgeuza ubavu kwa ubavu, nimemlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila kijiko ananiuliza habari zako na kila mara nazitunga. Sidaiwi na mtu.

Hayo sikutaka kuyasema. Wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli, mimi msichana mkubwa naona haya, ukakimbia nyuma umeshika kiti, ukaniachia bila kuniambia, nikafika Mikanjuni peke yangu nadhani bado umenishika. Baiskeli ile ipo ukumbini. Nimekataa isiuzwe.

Simu ya mama ninayo, na vocha naiwekea ili laini isifungwe, maana namba ile unaijua kwa kichwa. Ukipiga nitapokea mimi. Sitakuuliza unafanya kazi gani wala unalala wapi. Nitakuuliza hili tu: nilipokuita mara ya pili, abra ikiwa katikati ya maji, ulinisikia?