Amoksilini haitibu mafua, wala krimu haiponyi mapunye

Mhariri,

Amoksilini inauzwa madukani kama peremende, hasa msimu wa mafua. Dawa hiyo huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wao. Kirusi cha mafua hakina ukuta huo, kwa hiyo mgonjwa anaambulia kuharisha tu. Mafua huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10. Akianza kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya.

Fangasi ndio wanaokosewa zaidi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, kwani fangasi wamejificha ndani ya unywele hadi shinani, krimu isikofika. Mtoto hupewa griseofulvini, dawa ya fangasi ya kumeza, kulingana na uzito wake, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa inyonywe vizuri. Wazazi wengi huacha dawa mara nywele zinapoanza kuota, na mapunye yanarudi. Krimu za steroidi (zilezile za kujichubua!) ni balaa: muwasho unatulia, kinga ya ngozi inalala, duara la mapunye linapanuka.

Malaria husababishwa na vimelea, pima kwanza. Kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha mistari miwili (yaani una malaria) hata wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Homa ikirudi mapema, omba damu iangaliwe kwa hadubini. Na dozi 6 za dawa ya mseto zimezwe zote kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza.

Wafamasia wawili,
Tanga