Steki za Marekani zisipimwe kwa jina wala kwa ukubwa wa sahani

Ndugu Mhariri,

Kila inapolinganishwa migahawa ya steki ya Marekani, iwe Outback, Texas Roadhouse, LongHorn au Ruth's Chris, maneno huwa ni yale yale: hapa sahani imejaa, pale mikate ni ya bure, kule bei haishikiki. Naomba nafasi nieleze kinachozitofautisha hasa sahani hizo. Wasomaji wako walioko Ohio, Minnesota na Texas wanalipa fedha nyingi kwa nyama wasiyoifurahia, na mara nyingi kasoro inaanzia kwenye kuagiza.

Majina yasitupoteze. Texas Roadhouse ilianza mwaka 1993 mjini Clarksville, jimbo la Indiana, mbali kabisa na Texas. Outback ilianzishwa na Wamarekani mjini Tampa, Florida, mwaka 1988. Australia ni pambo la ukutani na la menyu. LongHorn ilifunguliwa Atlanta mwaka 1981, na tangu 2007 inamilikiwa na kampuni ya Darden. Darden hiyo hiyo ndiyo yenye migahawa ya steki ya Capital Grille, na mwaka 2023 ikainunua Ruth's Chris. Kwa hiyo anayeihama LongHorn kwenda Ruth's Chris hajamhama mwenye mali. Anachobadilisha ni daraja la nyama, moto, na namna ya kutozwa.

Tuchukue daraja kwanza. Wizara ya Kilimo ya Marekani hupanga nyama ya ng'ombe kwa kuangalia umri wa mnyama na mafuta yaliyotawanyika ndani ya mnofu. Madaraja ya juu ni matatu: Prime, kisha Choice, kisha Select. Texas Roadhouse hutumia Choice; Ruth's Chris imejijengea jina kwa Prime. Upangaji huu ni wa hiari na kiwanda cha nyama ndicho kinachoulipia, kwa hiyo menyu isiyotaja daraja usiijazie mwenyewe. Muulize mhudumu.

Hata hivyo, daraja halina uzito sawa kwa kila kipande. Ribai, nyama ya mbavuni, ladha yake iko kwenye mafuta, kwa hiyo tofauti ya Prime na Choice utaionea mdomoni. Fileti hutoka kwenye msuli wa ndani ya mgongo usiofanya kazi nzito. Ni laini hata ikiwa ya Choice, na mafuta yake ni machache. Kwa maoni yangu, ukiwa na fedha ya kula Prime mara moja tu, ilipie ribai. Sirloini, inayotoka nyuma karibu na nyonga, ni ngumu kidogo lakini ina ladha nzito ya nyama na bei yake ni nafuu. Ndicho kipande cha kupimia mgahawa wowote wa bei ya kati, kwa sababu uzembe wa mpishi haujifichi ndani yake.

Matawi ya Texas Roadhouse huwa na kabati la kioo karibu na mlango, nyama mbichi zikiwa zimepangwa, na mteja anaruhusiwa kuchagua yake. Wengi hupita wakikimbilia meza. Simama hapo. Usivutwe na kipande kipana. Tafuta kinene, sentimita 3 hivi, chenye nyuzi nyembamba nyeupe zilizosambaa katikati ya wekundu. Ukanda mnene wa mafuta pembeni hausaidii, maana utaishia kuukata na kuuacha. Kipande kipana na chembamba huiva hadi ndani kabla uso wake haujapata rangi, na hapo mpishi hana la kufanya.

Kuna pia kukomaza, yaani kuiacha nyama siku kadhaa kwenye baridi ili ilainike. Nyama nyingi za migahawa hii hukomaa ndani ya mifuko iliyotolewa hewa. Capital Grille hukomaza baadhi ya steki zake kwa kukausha kwenye chumba baridi, siku 18 hadi 24. Nyama hupoteza maji, ladha hujikusanya, na tabaka la nje lililokauka hukatwa na kutupwa. Sehemu ya bei unayolipa ni ya uzito huo uliopotea.

Sasa moto, ambako ndiko malalamiko mengi yanakotoka. Ruth's Chris huchoma kwa majiko yanayofikia nyuzi 1,800 za Fahrenheit, yaani karibu 980 za Selsiasi, na sahani huletwa mezani ikiwa na joto la nyuzi 500, sawa na 260 za Selsiasi, siagi ikichemka juu yake. Sahani hiyo inaendelea kupika. Ukikaa unapiga soga dakika tano, upande wa chini unaiva zaidi ya ulivyoagiza. Agiza iive hatua moja chini ya unavyotaka, au omba sahani isiyo ya moto sana.

Wengi wetu tumezoea nyama iliyoiva hadi ndani. Hilo si kosa, ila lichagulie kipande. Ribai huvumilia, kwa kuwa mafuta yake huyeyuka na kuilainisha. Fileti nene hukauka, na jikoni mara nyingi huipasua katikati na kuifunua kama kitabu ili iive upesi. Unakuwa umelipia unene ambao hukuupata. Steki ya kuiva kabisa hupita nyuzi 71 za Selsiasi ndani na huhitaji muda. Jumamosi usiku, foleni ikiwa ndefu, mpishi hushawishika kuikandamiza kwenye chuma, na maji yote huishia motoni. Ukitaka usalama bila ukavu, Wizara ya Kilimo inashauri nyuzi 63 na nyama ipumzike dakika 3. Eleza unavyotaka ndani pawe: pekundu, pa waridi, au pasiwe na waridi kabisa. Ikiletwa, ikate katikati mhudumu akiwa bado amesimama. Isiyoiva hurudishwa motoni; iliyopitiliza haina dawa.

Maji mekundu yanayotoka si damu. Ni maji ya msuli yenye mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu. Jambo la kuulizia ni kama nyama imedungwa sindano au visu vidogo ili ilainike. Visu hivyo vinaweza kuingiza ndani bakteria waliokuwa juu ya nyama, kwa hiyo steki ya namna hiyo isiliwe ikiwa mbichi katikati. Tangu Mei 2016 pakiti zake lazima ziwe na lebo, lakini mteja wa mgahawa haioni pakiti.

Uzito nao husomwa vibaya. Wakia 8 ni gramu 227 za nyama mbichi. Ikiiva kabisa inaweza kupungua robo, ukabaki na gramu 170 hivi. Ribai ya mfupa ya wakia 20 imehesabu mfupa pia. Bei nayo: Texas Roadhouse, sahani ya steki huja na vitu viwili vya kando, kama viazi na saladi. Ruth's Chris, steki huja peke yake na vya kando hulipiwa mbali. Ongeza kodi ya mauzo, ambayo haimo kwenye menyu, na bahashishi ya asilimia 18 hadi 20. Bahashishi hiyo si hisani ya ziada, kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu alipwe dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha tangu 1991. Chakula cha dola 30, penye kodi ya asilimia 8 na bahashishi ya asilimia 20, kinakuwa dola 38.40. Naliomba gazeti lako, likichapa ulinganisho mwingine, lichape jumla hiyo pamoja na gramu, kipande na daraja.

Kwa Waislamu, ng'ombe wa migahawa hii nchini Marekani kwa kawaida hana cheti cha halali. Hukumu yake mwulize sheikh wako. Lakini nguruwe hujificha mahali usipomtarajia. Maharagwe ya kijani (green beans) ya Texas Roadhouse hupikwa na bekoni, viazi vinavyoitwa "loaded" hunyunyiziwa bekoni, na mbavu za nguruwe hupita jiko lile lile. Uliza pia kama mchuzi wa steki una mvinyo. Mwenye shinikizo la damu aombe steki isipakwe viungo, kwa kuwa chumvi nyingi imo humo. Inawezekana pale ambapo viungo huwekwa wakati wa kuchoma, haiwezekani kwa nyama iliyolowekwa tangu asubuhi.

Walioko Ghuba wana nafuu. Texas Roadhouse ilifungua tawi lake la kwanza nje ya Marekani mjini Dubai mwaka 2011, na huko ng'ombe ni wa halali na bekoni ni ya ng'ombe. Kukata, unene na moto ni vya kuangaliwa kama kwingine, na kabati la kioo likiwepo, chagua mwenyewe.

Mchoma steki,
Columbus, Ohio