Mjomba, sisi ni Bagika au Bagalu?

Shikamoo mjomba.

Simu yako hupatikana Jumapili tu, na hata hiyo Jumapili unapokea ukijisikia. Ndiyo maana naandika hapa swali langu la pande mbili za ngoma za Wasukuma, binamu akusomee. Na kama kuna mzee mwingine wa Magu anayeijua familia yetu, ruksa akutangulie kunijibu.

Juni hii mimi na shoga yangu, yule wa Tanga aliyekula ugali wa udaga kwako akaomba wa pili, tulikwenda Mwanza siku nane. Nia ilikuwa kulala. Siku tatu za mwanzo tulilala kweli. Tulipanga nyumba iliyokaa juu ya mawe, ziwa linachungulia kati ya mwamba na mwamba, upepo wa kipupwe unaingia dirishani bila hodi. Shoga yangu, mtoto wa bahari, alitaka kujitosa. Nikamtajia kichocho. Akaketi analitazama maji kama mtu aliyefunga anayepitishiwa pilau.

Usiku tulitoka barazani kutazama taa za wavuvi wa dagaa. Ungedhani kuna mji mwingine ng'ambo. Mwenye nyumba akatuambia tuzifaidi mapema, maana mbalamwezi ikianza kuwaka dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Shoga yangu akasema, "Kumbe wenzetu likizo wanapewa na mwezi. Sisi tunapewa na mtu wa utumishi, na lazima aulize unakwenda wapi."

Siku ya nne ndiyo iliyoniletea maneno haya. Tulipanda daladala ya Kisesa, kilomita kama 20 kwenye barabara ya Musoma, kisha bodaboda hadi Bujora. Unapafahamu kuliko mimi: makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, yule Mkanada, na kanisa la mviringo lililojengwa kwa kufuata nyumba zetu za zamani. Kwenye makumbusho kuna ngoma za watemi, machifu wetu wa zamani, kubwa kwa ndogo, zimenyamaza tangu utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Nilitaka kuigusa moja. Shoga yangu akanipiga kibao cha mkono.

Nje hapakuwa na ukimya wowote. Tulikuta Bulabo, mashindano ya ngoma yanayofuatana na sikukuu ya Ekaristi. Nilidhani kundi moja litacheza, likae, liingie jingine. Wapi! Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na watu ndio kura: atakayewavuta wengi ameshinda. Basi umati unakimbia huku, unarudi kule, vumbi hadi kwenye kope. Huku majembe yanarushwa juu na kudakwa, kule mtu kajivisha chatu mzima shingoni. Shoga yangu, anayeogopa hata mjusi, alikuwa mstari wa mbele.

Mwongoza wageni, kijana mpole sana, akatueleza habari za Ngika na Gumha, mafundi wawili wa dawa na ngoma wa karne ya 19, kila mmoja akijinadi kuwa dawa yake ya mvuto ndiyo kali. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na ubishi haujaisha hadi leo. Halafu akanigeukia. "Wewe umesema ni wa Magu. Kwenu ni Bagika au Bagalu?"

Mjomba, nilibaki nimeduwaa. Nimezaliwa Temeke. Kisukuma changu kinaanza na mwangaluka, kinaishia na wabeja. Nilicheka ili yapite, hayakupita. Shoga yangu akadakia, "Mimi Bagalu," hivi hivi tu, kwa sababu fulana zao zilimpendeza. Tangu siku hiyo ananiita mtu asiye na upande, na nauli ya kurudi alinikopesha kwa masharti.

Lakini lililonirudisha huko kichwani si swali lile. Jioni, tukiwa tunatafuta maji ya kunywa, kundi moja lilianza wimbo ambao mama alikuwa akiuimba akipepeta mchele. Ule wenye mahali pa kuvuta pumzi katikati, unadhani umekwisha, kisha unaanza tena. Maneno sikuyajua, sauti yake ningeijua usingizini. Nilijipenyeza, nikakanyaga watu, nikakanyagwa. Nilipofika mbele walikuwa wamemaliza, wamechanganyika na watazamaji, na sikuweza kujua walikuwa wa upande upi.

Mama angekuwepo ningemuuliza yeye. Wewe ndiye uliyebaki unayeweza kuniambia aliupata wapi ule wimbo, na babu alikuwa akisimama uwanja gani.

Jumapili saa saba nitapiga. Nitakuimbia kidogo kwenye simu, vibaya, unisamehe. Chaji simu tu.