Malalamiko kuhusu gari mlilolikamata na deni mnaloendelea kunidai

Kwa Meneja,
Idara ya Makusanyo ya Madeni.

YAH: KUKAMATWA NA KUUZWA KWA GARI LANGU, NA BAKI YA DENI ISIYO NA MCHANGANUO

Ndugu Meneja,

Ni kweli nilichelewa kulipa. Kati ya marejesho 48 nilikuwa nimeshalipa 31; la 32 na la 33 yakanishinda baada ya kukaa wiki saba bila kazi. Dawa ya deni ni kulipa, na simu zenu sikuwahi kuzikimbia hata siku moja. Kwa hiyo naomba msinijibu kwa kunikumbusha kwamba gari lilikuwa dhamana na kwamba mkataba niliusaini. Nilichosaini nakijua. Nalalamikia mliyoyafanya baada ya hapo.

Siku ya Ijumaa nilipiga simu ofisini kwenu. Ofisa aliyepokea akakubali nilipe nusu ya rejesho moja siku ileile na kilichobaki mwisho wa mwezi. Nililipa, na risiti ninayo. Jumanne iliyofuata, saa nane usiku, watu watatu walikata kufuli la geti, wakalifunga gari langu minyororo na kuondoka nalo. Mlinzi alipowadai karatasi akaambulia matusi. Kifungu cha 11 cha mkataba wetu kinasema mtanipa notisi ya maandishi ya siku 14 kabla ya kuchukua dhamana. Notisi nilikuja kuiona kwenye barua pepe siku mbili baada ya gari kuondoka. Haki ya kuchukua dhamana mnayo. Ya kuvunja geti la mtu usiku wa manane hamna. Wala msinielekeze kwa wakala wenu. Mlimtuma nyinyi, na alichokifanya alikifanya kwa niaba yenu.

Wiki hiyohiyo nilikuja na fedha ya marejesho yote mawili yaliyokuwa nyuma pamoja na adhabu ya kuchelewa, ili nilikomboe gari. Nikaambiwa faili limepelekwa makao makuu. Nikarudi, bado lipo makao makuu. Nilirudi mara nne, na kila siku iliyopita mliniandikia gharama ya maegesho ya gari ambalo mlikuwa mmekataa kunirudishia. Siku ya 26 nikapata ujumbe mfupi kwamba limeshauzwa.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye shida yenyewe. Miezi miwili kabla gari halijakamatwa, mthamini aliyeteuliwa nanyi alilikagua kwa ajili ya bima. Tuseme thamani aliyoiandika ni 100. Siku mnalichukua, deni langu lote, pamoja na riba na adhabu, lilikuwa 55. Mmeliuza kwa 41. Ukitoa 41 kwenye 55 inabaki 14. Barua yenu inanidai 37. Hiyo 23 ya katikati mmeiita "gharama mbalimbali", maneno mawili tu, bila risiti ya kuvuta, bila siku za maegesho, bila kamisheni ya dalali. Na kama mngeliuza hata kwa 80, deni lingekwisha, gharama za halali zingelipwa, na kingebaki kitu cha kunirudishia mimi. Mkopeshaji akiuza dhamana anachukua kile anachodai na gharama za haki. Ziada si yake. Lakini mkiuza kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi ambaye jina lake hamtaji, bila mnada uliotangazwa wala mimi kuarifiwa siku ya mauzo, ziada haiwezi kutokea hata siku moja.

Watu wengi hudhani gari likishachukuliwa deni limekufa. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipopokea barua yenu. Sasa nimesoma, na naelewa kwamba pungufu la halali, yaani deni linalobaki baada ya gari kuuzwa, linaweza kunifuata hadi mahakamani, likawa hukumu, likafika kwenye mshahara wangu. Nimesoma pia kwamba Uingereza, aliyenunua gari kwa mkataba wa awamu akishalipa theluthi ya bei, mkopeshaji halichukui bila ridhaa yake ila kwa amri ya mahakama. Na kwamba Marekani sheria inataka njia, muda, mahali na masharti ya kuuza dhamana yote yawe ya kuridhisha kibiashara. Mkataba wetu hauongozwi na sheria za huko, hilo sihitaji kuelimishwa. Lakini kifungu cha 13 mlichokiandika wenyewe kinasema mtauza "kwa bei bora inayoweza kupatikana". Nionyesheni mlivyoitafuta hiyo bei bora. Tangazo liko wapi? Walijitokeza wanunuzi wangapi?

Kadi ya gari nayo bado inasoma jina langu. Wiki iliyopita nimetumiwa faini ya mwendo kasi ya tarehe ambayo gari lilikuwa limeshauzwa siku tisa. Kesho huyo mnunuzi wenu akimgonga mtu, polisi wataanza kumtafuta nani? Bima kubwa niliyoilipia mwaka mzima ilikuwa imebakiza miezi kumi, na hakuna aliyenieleza kama ilifutwa na sehemu iliyobaki ya ada ilirudishwa kwa nani.

Kwenye taarifa zangu za mikopo mmeandika deni zima la 55 kana kwamba gari halijauzwa, na mstari unaofuata mmeandika kwamba dhamana imekamatwa. Yaani nimehesabiwa gari na deni kwa pamoja. Kwamba nilichelewa, liandikeni, ni kweli. Huo uongo mwingine ufuteni.

Kuhusu mdhamini wangu nitasema machache kwa sababu nina hasira. Ni shemeji yangu, mtu mzima, alisaini kwa wema. Mkusanyaji wenu alimpigia kazini na kumwambia mbele ya wenzake kwamba atalala ndani. Deni la mkopo ni shauri la madai. Halimpeleki mtu rumande kwa sababu tu ameshindwa kulipa. Kama mnamdai, mwandikieni kwa heshima, mumpe na yeye mchanganuo uleule ninaouomba mimi.

Ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii naomba mnipe mchanganuo kamili wa deni pamoja na risiti za kila gharama, hati ya mauzo na uthibitisho wa namna gari lilivyotangazwa. Gharama ya maegesho kwa siku nilizokuja na fedha mkanirudisha iondolewe. Umiliki uhamishwe na faini ile mshughulike nayo nyinyi na mnunuzi wenu. Hadi hayo yafanyike, nalipinga rasmi dai lenu la 37, na simu kwa shemeji yangu zikome. Nikipata hesabu sahihi, kitakachobaki nitakilipa kwa awamu, na niko tayari kukaa mezani kuzipanga. Nisipojibiwa, nakala ya barua hii na viambatisho vyake itakwenda kwa mamlaka inayowasimamia wakopeshaji, kisha kwa wakili.

Mwisho, ndani ya gari kulikuwa na kiti cha mtoto, miwani yangu ya kusomea na bahasha ya vyeti vya shule. Hivyo havikuwa dhamana ya mkopo wowote. Nitakuja kuvichukua Jumatatu saa tatu asubuhi. Naomba viwe mapokezi.

Mkopaji wenu.

Viambatisho: risiti ya malipo ya Ijumaa, nakala ya vifungu vya 11 na 13, ripoti ya mthamini, barua yenu ya madai, taarifa ya faini.