Dada wa benchini Ocean Road

Dada uliyekaa nami benchini hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwenye kanga ya kijani na chupa ya uji, sikukuuliza jina. Asante sana. Nilishafanyiwa upasuaji wa titi, nikaambiwa bado mionzi, halafu vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni isichochee saratani, kila siku kwa miaka 5. Nilitaka kukataa, uvimbe si umeshatoka? Ukaomba karatasi yangu ya maabara, ukaweka kidole pale palipoandikwa kuwa uvimbe wangu unachochewa na homoni. "Kisu kimetoa kinachoonekana, dada. Dawa inafuata kilichojificha." Kisha nyuma ya bahasha ukaniandikia maswali 3 ya kumuuliza daktari. Nimemuuliza yote. Mionzi nimeanza Jumatatu, na bahasha ninayo mkobani. Mungu akutunze popote ulipo.