Fungueni daftari la watoto wanaosomea nyumbani

Kwa Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika majuzi kwamba mzazi anayemtoa mtoto shuleni ili amfundishe nyumbani ni mvivu wa kuamka alfajiri, ama ni mtu wa madhehebu ya ajabu. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Nashona sare za shule na Januari ndiyo msimu wangu wa mavuno. Shule zote zikifungwa, wa kwanza kulala njaa ni mimi. Na bado nilimtoa wangu.

Ana kigugumizi. Machi 2020, Serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona, alikuwa Gredi ya Pili, na mimi kama wazazi wengine wa Nairobi nikageuzwa mwalimu bila kuulizwa. Asubuhi tulisikiliza vipindi vya masomo vya redio ya KBC, kisha nikikaa kwenye mashine yeye ananisomea kwa sauti. Mlio wa cherehani ulimsaidia, sijui kwa nini. Nikikanyaga, maneno yanatoka. Kufikia Agosti alikuwa anamaliza ukurasa mzima akikwama mara tatu au nne tu.

Januari 2021 akarudi darasani. Wanafunzi walikuwa sabini na kitu, na kila siku alisimamishwa asome mbele ya wenzake. Darasa lilicheka. (Mwalimu yule simlaumu sana. Ukiwa na watoto sabini huna nafasi ya kumngoja mmoja amalize neno "kiboko".) Alipoingia Gredi ya Tatu alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Nikasema basi.

Tulisoma hivi. Futi ya fundi ina nyuso mbili, inchi huku na sentimita kule. Nilimpa kola za mashati azipime kwa uso mmoja, azigeuzie wa pili, aandike kwenye daftari. Siku ya tatu akaniambia mwenyewe kwamba kila inchi ni sentimita mbili na nusu "na kitu kidogo". Hicho kitu kidogo kilitula wiki nzima, na kwa mlango huo desimali zikaingia. Kusoma tulisoma vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, vile vile vinavyotumika shuleni, na Jumamosi tulipanda matatu hadi maktaba ya Kaloleni. Sayansi ilinishinda. Nakiri. Kuna siku nilichapisha kazi nzima kwenye saiba kisha nikagundua siielewi mimi mwenyewe, nikamtafuta kijana wa chuo anayepanga ghorofa ya tatu.

Lililoniuma ni kujificha. Kabla ya saa tisa na nusu alasiri mtoto hakutoka nje ya geti. Nikimtuma akanunue nyanya, nangoja mpaka mabasi ya shule yaanze kurudi, achanganyike na wenzake barabarani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi asiyepeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na wazazi waliokwenda Mahakama Kuu wakiomba elimu ya nyumbani itambuliwe, ombi lao lilitupwa. Nilijua hayo yote nikiwa na mkasi mkononi, nikisikiliza kama ni chifu anayebisha hodi au ni mteja.

Sisemi sheria ile haina sababu. Katika mtaa huu huu nimeona msichana wa miaka kumi na mmoja akilea mtoto wa watu, na mwenye nyumba akiulizwa anajibu kwamba "anasomea hapa hapa". Serikali ikikataa kumwamini kila mtu, iko sawa. Lakini Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima bila malipo. Kilichofanywa lazima ni elimu. Wangu alikuwa anaipata. Yule msichana hakuwa anaipata. Na machoni pa sheria mimi na mwajiri wake tuko kapu moja.

Wenye pesa hawana shida hii. Huko Karen na Runda mtoto anaweza kufundishiwa sebuleni kwa mtaala wa Uingereza, akafanya mtihani wa IGCSE kama mtahiniwa binafsi, na sijasikia geti la huko likibishwa na chifu. Sisi tunaofuata mtaala wa nchi yetu ndio tunaobanwa, tena na karatasi. Enzi ya KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kila kitu kilisimama kwenye mtihani huo mmoja. Sasa, kwa mpangilio wa baraza la mitihani, KNEC, karatasi ya KPSEA inayofanywa Gredi ya Sita ni asilimia 40 ya alama. Hizo 60 nyingine ni tathmini za Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita, nazo hupakiwa na shule. Mzazi hana pa kuzipakia. Alipofika Gredi ya Nne nilizunguka shule tatu, na ya tatu ikakubali kumsajili nikilipa karo ya muhula mzima, awe anakuja siku za tathmini peke yake. Nikalipa. Nililipia kiti ambacho hakukikalia.

Ninachoomba ni kidogo. Ofisi ya elimu ya kila kaunti ndogo iwe na daftari la watoto wanaosomea nyumbani: jina, mahali, nani anafundisha, mtaala gani. Afisa aje mara moja kila muhula, bila kupiga simu kwanza akitaka, aangalie madaftari na amsomeshe mtoto mbele yake. Akiona mtoto anateka maji na kuosha vyombo siku nzima, amchukulie mzazi hatua. Akiona anasoma, shule ya umma iliyo karibu ipewe jukumu la kupokea tathmini zake. Serikali imewahi kulegeza kamba namna hii. Sera ya 2009 ilitambua shule za mitaa ya mabanda kama Mathare, Kibera na Mukuru ambazo hazikuwa na ardhi wala majengo ya kutimiza masharti ya kawaida, kwa sababu watoto walikuwa humo tayari.

Wangu alirudi darasani Gredi ya Tano, kwa kutaka kwake, katika shule nyingine. Bado hukwama akikasirika.

Wiki iliyopita mteja alikuja kupimiwa sketi ya binti yake. Alirudisha mlango kwanza, akasogeza stuli, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, yule kijana wako ulifanyaje?" Sikujua nianze na vitabu au nianze na faini.

Fundi na mzazi,
Umoja, Nairobi